Albadiri Ambayo Haikusomwa

Karatasi ilibandikwa kwa selotepu kwenye nguzo ya umeme, usawa wa macho, mahali ambapo kila anayekwenda sokoni hana budi kupita. Ilichanwa kutoka kwenye daftari la mistari, ikaandikwa kwa wino mwekundu, herufi kubwa tupu:

"TANGAZO. ALIYECHUKUA KICHWA CHA CHEREHANI BARAZANI KWA FUNDI AKIRUDISHE KABLA YA IJUMAA ALASIRI. IKIPITA HAPO NI ALBADIRI. TUSILAUMIANE."

Hapakuwa na jina, wala namba ya simu, wala ahadi ya zawadi nono. Watu walisoma, wakaguna, wakapita. Mama mmoja mwenye ungo wa dagaa kichwani alisimama akamwambia mwenzake, "Na akirudishe tu, maana..." Hakumaliza. Hapa Ngamiani, Tanga, sentensi hiyo haimaliziwi.

Mwizi mjuzi wa cherehani habebi mashine nzima. Analaza kichwa nyuma juu ya bawaba zake, analegeza skrubu, anavua mkanda kwenye gurudumu, anakitia kichwa kwenye kiroba. Meza na miguu ya chuma anaviacha. Asubuhi ile fundi alikuta meza yake ina tundu katikati, mkanda wa ngozi unaning'inia, na kwenye mtoto wa meza chaki na futikamba vimekaa palepale alipoviacha. Siku zote huilaza mashine ndani ya duka la jirani. Usiku huo jirani alikuwa msibani Muheza, duka likafungwa mapema.

Mimi nilikuwa nimefuata suruali niliyopeleka ipunguzwe. Mguu mmoja ulikuwa tayari.

Tusilaumiane

Fundi alikwenda kituoni kwanza. Alitoa maelezo, akapewa RB, karatasi ya polisi ya kuonyesha kwamba ameripoti, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. RB nayo ni karatasi, ila sijasikia mwizi aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Wasomaji wangu wengi hawahitaji kuelezwa albadiri. Ni kisomo cha majina ya masahaba waliopigana Badri, tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, watu 313 au karibu na hapo mbele ya jeshi la takriban watu 1,000. Aliyedhulumiwa na mtu asiyemjua hukimbilia majina ya hao wachache walioshinda wengi. Pwani kisomo hicho kimepewa sifa ya kumfuata mwizi popote alipo: tumbo litavimba, miguu itavimba, atajitaja mwenyewe. Wapo masheikh wanaokikataa kabisa, wakisema ni bidaa. Wapo wanaosema kisomo ni cha kuombea kheri, na ni sisi watu tuliokigeuza fimbo. Mabishano hayo yana wenyewe. Mimi nilishikwa na lile neno la mwisho kwenye tangazo.

Tusilaumiane.

Ukilisoma upesi ni vitisho. Ukilirudia unaona kuna uungwana ndani yake. Mwenye mali anakupa muda, na anakuonyesha mlango ambao hakuna mtu amesimama kukutazama ukipita. Hakuulizi jina. Lete usiku, weka barazani, nenda zako, kesho tusalimiane kama jana. Hakuna hakimu anayeweza kutoa sharti jepesi kama hilo.

Na likafanya kazi. Alhamisi alfajiri watu wa kwanza kutoka msikitini walikikuta kichwa cha cherehani barazani, kimefunikwa gunia. Kilikuwa kizima, isipokuwa bobini haikuwemo. Hata mwizi mwenye hofu ana hesabu zake. Fundi alisonya, akanunua bobini nyingine, akaichana ile karatasi kwenye nguzo. Mchana alikuwa anashona.

Ijumaa ikaja, ikapita. Albadiri haikusomwa.

Hilo nalisema mapema kwa sababu yote yanayofuata yanalitegemea.

Ya redioni na ya mama

Fungua taarifa ya habari jioni yoyote. Nchi fulani imelaani shambulio, umoja fulani umelaani mapinduzi, na siku zote ni vikali. Sijawahi kusikia serikali iliyolaani kidogo. Anayelaaniwa redioni hulala vizuri, akaamka naye akalaani wenzake. Vijana wana ya kwao: "Nyie mna laana!" ni kwamba mmewachekesha kupita kiasi, au mmemaliza pilau ya watu. Wazee wa pwani bado watakuita maluuni, na hapo uzito wake utaujua kwenye sura walivyoikunja.

Lakini mama akinyamaza kidogo, kisha akasema, "Radhi zangu huna," hakuna anayecheka.

Tunalo pia neno kuapiza, lililozaliwa na kuapa. Anayeapa anajifunga mwenyewe: nikisema uongo, na yanipate. Anayeapiza anayapeleka kwa mwingine: kama ni yeye, na yampate. Pana msemaji, pana msemwa, pana sharti katikati. Wakamba wana kiapo chao cha kithitu, na huko nako anayekihofia ni mwongo. Tangazo la fundi lilikuwa la jamii hiyo. Ulichukua au hukuchukua. Kama hukuchukua, pita zako.

Laana inaweza kufanya jambo ambalo maapizo hayawezi. Inaweza kuwepo bila mtu aliyeitoa. "Yule ana laana," tunasema, na sentensi inatosha. Nani alimlaani? Lini? Kwa kosa gani? Anayeuliza maswali hayo anaonekana mgeni. Asili yake ya Kiarabu ni kumfukuza mtu kwenye rehema, na naona sisi tumebaki na kule kufukuza tu. Mfukuzaji hatumjui, na wala hatumtafuti.

Sikuwa nimeliwaza hili kabla ya mguu.

Mguu

Baadaye kijana mmoja wa mtaa alianguka homa. Ni kijana wa vibarua, leo anashusha magunia soko la Mgandini, kesho anapaka rangi nyumba ya mtu. Baridi ilimtetemesha usiku kucha, mtoki ukamshika kinenani, na kulipokucha mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka kifundoni hadi karibu na goti, ngozi imevutika mpaka inang'aa.

Mtaa ulipiga hesabu haraka.

"Si mnaona?" alisema mmoja kwenye benchi la kahawa. "Albadiri haikosei."

Nilikuwapo. Nilisema kichwa kilirudishwa Alhamisi, kabla ya muda uliowekwa. Nikajibiwa kwamba bobini haikurudi.

Nilisema fundi hakusoma. Mzee mmoja akasema alisoma kimyakimya. Mwingine akasema si lazima kusoma, nia inatosha. Kila nilipoziba tundu moja walitoboa lingine, na walitoboa kwa furaha, kwani hatimaye lile tangazo lilikuwa limepata mtu wake.

Nikaenda kwa fundi.

"Mzee, ulisoma?"

"Nisome nini? Kitabu chenyewe sina." Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja kalifumba. "Mie nilitaka cherehani yangu, mwanangu. Imerudi."

"Basi waambie watu."

Aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. "Nikiwaambia sikusoma, kesho hata mkasi hawaniachii."

Jibu hilo lilinichukiza. Kisha nikaanza kulielewa, na kulielewa kukaniudhi zaidi. Yule mzee hana mlinzi, hana kitasa cha maana, hana hata mlango, maana baraza haina mlango. Kinachomlindia mali yake ni imani ya watu kwamba akitaka anaweza kusoma. Akiivua imani hiyo hadharani, ameivua kwa faida ya kijana ambaye, kwa kadiri anavyojua yeye, huenda ndiye aliyemwibia. Mimi nilikuwa namdai ukarimu ambao sina hakika ningeutoa mwenyewe.

Wanaothubutu

Nilirudi kwenye yale niliyofundishwa chuoni nikiwa mdogo. Mtume alipompeleka Muadhi Yemen, alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu baina yake na Mwenyezi Mungu hakuna pazia. Kwa hiyo fundi alikuwa na haki ya kulia kwa Mola wake. Lakini Mtume huyohuyo, alipoombwa awaapize washirikina, alisema hakutumwa kuwa mlaani, ametumwa kuwa rehema.

Na ipo hadithi inayonitisha kuliko habari zote za matumbo kuvimba. Laana ikitoka kinywani hupanda mbinguni, ikakuta milango imefungwa. Inashuka ardhini, ikakuta imefungwa. Inakwenda kulia na kushoto. Ikikosa njia inamwendea aliyelaaniwa, kama anastahili. Kama hastahili, inamrudia aliyeitoa.

Anayelaani, kwa hesabu hiyo, anacheza na kichwa chake.

Ndiyo maana kila nikiisikia laana ya kweli nawafikiria kina mama wa Nairobi wa mwaka 1992. Walikuwa mama za wafungwa wa kisiasa, wengi wao watu wazima wa kuitwa nyanya. Mwishoni mwa Februari walipiga kambi Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa mpaka akazimia. Katika vurugu hiyo baadhi ya kina mama walivua nguo, wakasimama uchi mbele ya askari ambao kwa umri wangeweza kuwa wamewazaa.

Hakuna askari aliyehitaji kufafanuliwa. Mama kumwonyesha mwana uchi wake kwa kusudi ni laana, na kila aliyekuwa pale alikulia katika nyumba inayolijua hilo. Kina mama wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima. Mwaka 1993 wengi wa wafungwa waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa.

Miaka sabini kabla ya hapo, Machi 1922, katika jiji hilohilo, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele ya wanaume waliokuwa wanasitasita kudai Harry Thuku, mpinga ukoloni, atolewe kizuizini. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, naye akafa pale pamoja na wengine.

Hao waliolaani walisimama mahali wanapoonekana. Kama ingerudi, ingejua pa kuwakuta, na wa kwanza kabisa kuumia walikuwa wao. Wale wa benchi la kahawa, waliosema albadiri imempata kijana, hawakuhatarisha hata kikombe.

Nani alitenda dhambi

Nilichokuwa naambiwa ni kwamba laana hufuata kosa. Mtaani kwetu niliona kinyume. Uvimbe ulitangulia, kosa likatafutwa la kulingana nao.

Si jambo letu peke yetu, wala si la leo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali linalowatoka ni nani alitenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake. Wanajibiwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Jibu liko wazi kiasi hicho, linasomwa makanisani miaka nenda miaka rudi, na bado mwanamke akijifungua mtoto mwenye mdomo wa sungura ataulizwa kwa sauti ya chini, "Kwenu mlimkosea nani?" Misikitini nako hali si tofauti.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Mahenge, kule Ulanga. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofanya kazi huko kuanzia karibu na mwaka 1960 alikuta kifafa kimeenea kuliko ilivyo kawaida, akaanzisha kliniki ya wagonjwa hao. Wengi walikuja na makovu ya moto. Mwenye kifafa huanguka popote, na jikoni kuna mafiga. Watu waliogopa kumgusa akiwa ameanguka, wasije wakapata naye, kwa hiyo wapo walioungua huku ndugu wamesimama. Ilisemwa ni pepo, ni adhabu, ni ukoo ule una jambo.

Leo watafiti wanakihusisha kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito ya maji yaendayo kasi. Watu walikuwa wakienda mtoni, wanaumwa na inzi, wanarudi nyumbani. Vizazi kwa vizazi lawama ilibebwa na koo, na hakuna aliyemtilia inzi shaka.

Damu ya usiku

Sisi wa Tanga tulipaswa kuwa wajanja zaidi, kwa sababu mguu uliovimba si mgeni kwetu. Matende na mabusha ni maradhi ya pwani, tumezaliwa tumeyakuta. Wazee wanakumbuka wapimaji waliopita majumbani usiku kuchukua damu. Walikuja usiku kwa sababu vijinyoo vya matende hujitokeza kwenye damu saa hizo, wakati mbu wanaovieneza wanauma, na mchana vinajificha. Kuanzia miaka ya 2000 dawa ziligawiwa bure, ivermektini na albendazo. Tumezimeza, wengine tumezitupa uani mgawaji alipotoka. Ivermektini hiyo ndiyo inayogawiwa pia kwenye maeneo ya usubi.

Dada yake kijana alimpeleka hospitali. Wakaambiwa ni matende.

Wakaambiwa na jambo jingine, ambalo kwangu lilimaliza kesi. Minyoo ile haiingii leo ikavimbisha kesho. Mtu huambukizwa kwa kuumwa na mbu mara nyingi, aghalabu tangu utotoni. Minyoo hukaa miaka kwenye mishipa ya limfu ikiiharibu polepole, mwenyewe hana habari. Homa na uvimbe wa ghafla huja baadaye, vijidudu vingine vinapopenya kwenye mipasuko midogo ya ngozi ya mguu ambao tayari umedhoofika. Akaelekezwa auoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri, hasa katikati ya vidole, auinue anapokaa na anapolala. Ukitunzwa hivyo, homa zinapungua na mguu hauendelei kuwa mzito.

Sasa piga hesabu. Mguu ule ulianza safari yake kijana akiwa bado anavaa kaptula ya shule. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimetulia juu ya meza yake, bobini na kila kitu.

Nilidhani mtaa ukisikia hivyo utanyamaza.

Nimesamehe

Jioni moja nilikuwa barazani kwa fundi, nasubiri ule mguu wa pili wa suruali. Mafundi ni mafundi. Mama yake kijana akaja, amejitanda kanga, mkononi ana mfuko wa sukari na doti mpya. Fundi alitaka kumpisha kiti. Akakataa, akakaa ukingoni mwa baraza.

"Fundi, nimekuja kwa unyonge. Mwanangu kama alikukosea, mzazi ndiye mimi. Nakuomba uifungue."

"Mama, mie sikusoma kitu."

"Najua utasema hivyo."

"Wallahi sikusoma."

"Basi sema umesamehe. Neno tu, fundi. Litakupunguzia nini?"

Nilimtazama fundi, naye akanitazama. Nadhani sote wawili tuliona kwa pamoja pale alipokuwa amesimamishwa. Akikataa, ni katili. Akishikilia kwamba hana la kusamehe, mama anaondoka akiamini mwanawe anaozea kitandani kwa roho mbaya ya mzee mmoja. Akikubali, basi lilikuwepo la kusamehewa.

Ningeweza kufungua kinywa. Nilikuwa na hoja zangu zote, mbu na miaka na hospitali. Lakini mama yule hakuja kwa hoja, na alikuwa anatetemeka mikono.

"Nimesamehe," fundi akasema. "Duniani na akhera."

Mama akalia, akashukuru, akaacha sukari. Doti fundi aliikataa, akamshikisha tena mkononi. Kabla ya sala ya Isha mtaa mzima ulikuwa na habari: fundi kamsamehe yule mwizi.

Hakukuwa na shtaka, wala shahidi, wala hukumu. Kulikuwa na msamaha, na msamaha ukatosha kuthibitisha kosa. Siku zilizofuata homa ilishuka na mguu ukapungua, kama alivyoambiwa hospitali kwamba utapungua. Hilo nalo likahesabiwa kwa albadiri.

Hapa ndipo nilipofika na fikra zangu, na nilizipenda. Kitisho cha laana, kinachotolewa na mtu anayejulikana, kabla ya jambo, chenye muda na sharti, sina ugomvi nacho. Kilirudisha cherehani bila kumwaga damu, katika nchi ambayo mwizi wa kuku huweza kuchomwa moto na umati. Laana ya baada ya jambo, isiyo na msemaji, inayobandikwa kwa mgonjwa ili wazima wapate maelezo, hiyo ndiyo uovu. Ya kwanza inaacha mlango wazi. Ya pili inaufunga mlango na mtu akiwa ndani.

Nilikuwa karibu kuandika hivyo na kuweka kalamu chini. Nikaona haifai kumwandika kijana kabla sijakwenda kumwona.

Alivyosema mwenyewe

Nilimkuta uani kwao, kwenye mkeka, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa chini juu na kuwekewa mto. Uvimbe ulikuwa umebaki kuzunguka kifundo. Kipande cha sabuni ya mche kilikuwa juu ya tofali, karibu na kata ya maji. Kama alikichukua kichwa cha cherehani au hakukichukua, sikumwuliza.

Nilimweleza yote. Kwamba fundi hakusoma, nimemsikia akiapa. Kwamba minyoo ilimwingia utotoni. Kwamba niko tayari kusimama kwenye benchi la kahawa nikaeleza, na dada yake alete karatasi ya hospitali watu waione. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kaka, hayo yote waliniambia hospitali," akasema. "Naomba usiwaambie watu."

"Nisiwaambie nini? Kwamba hukulaaniwa?"

"Kwamba ni matende."

Akaona sijaelewa.

"Albadiri imesamehewa, imekwisha. Si ulikuwepo? Fundi kasema duniani na akhera. Sasa matende nani atanisamehe?"

Nilianza kumwambia habari ya kuosha mguu, akanionyesha sabuni kwa kidole. Anaosha. Si kwamba hakuamini hospitali. Aliamini kila neno, ndiyo sababu alikuwa anaogopa. Daktari alimpa maradhi ya kuishi nayo. Mtaa ulimpa kosa lenye mtu wa kuombwa, na mama yake alikwishaomba. Kati ya viwili hivyo alichagua mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kile nilichokuwa nimejiandaa kumwokoa kutoka kwacho.

Nilimwambia jina la mwizi litamkosesha kazi Mgandini. Nani atamwachia magunia? Akasema magunia hata waaminifu siku hizi hawaachiwi, wanasimamiwa. Nilimwambia siku homa ikirudi watu watasema ameiba tena. Hapo alifikiri kidogo. Akasema ikirudi tutaona.

Bado naamini amekosea. Nimemwambia hivyo, na nimemwomba ruhusa ya kuandika. Akanikubalia, mradi nisimtaje jina na nisitaje namba ya barabara, kwani Ngamiani ukitaja barabara umetaja na nyumba.

"Mwizi anaoa, kaka," alisema nilipokuwa navaa viatu. "Mwenye matende nani atampa mke?"

Nikamtajia wazee wawili wa mtaa uleule, wenye miguu tunayoijua sote, wenye wake na wajukuu.

Akacheka. Akasema wale walivimba baada ya ndoa.